Kichwa cha habari ni deni: jinsi ya kuandaa maudhui yanayovuta watu bila kuwalaghai

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ndiyo inayonitia aibu kuliko zote. Ilihusu cherehani. Kwenye picha ya jalada niliweka cherehani iliyofunguliwa yote, gia zimetapakaa mezani, na juu yake maandishi mekundu: "MAFUNDI HAWATAKI UJUE HILI". Ndani ya video nilikuwa naelekeza namna ya kubadilisha sindano, basi. Ile cherehani ya kwenye jalada haikuwa yangu wala sijawahi kuigusa.

Watu walibofya kwa wingi. Nilitamba siku mbili, ya tatu nikaanza kusoma maoni. Mmoja aliandika maneno matano tu: "Gia ziko wapi sasa, ndugu?" Nilipofungua takwimu nikakuta mstari wa watazamaji umeporomoka mwanzoni kabisa, kabla sijamaliza hata kusalimia. Video mbili zilizofuata, ambazo nilizitolea jasho, watu wale hawakuzifungua.

Kinachoniuma ni kwamba somo lenyewe lilikuwa la maana. Cherehani inayoruka mishono mara nyingi haina ugonjwa mwingine zaidi ya sindano. Ningelisema hilo wazi, watu wangekuja, na wangekaa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyofanya sasa, hatua kwa hatua. Mfano wa cherehani nitaendelea nao kwa sababu ndio nilioushika mikononi. Wewe weka mahali pake hesabu, bustani, sheria au mpira, utaratibu haubadiliki.

Hatua ya 1: Tafuta swali, si mada

"Ushonaji" ni mada. "Kwa nini cherehani yangu inaruka mishono nikishona kitambaa cha fulana?" ni swali. Mada haina mwenyewe. Swali lina mtu nyuma yake: amekaa mbele ya mashine, kazi imekwama, na anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Maswali hayatungwi, yanaokotwa. Fungua injini ya utafutaji, andika maneno mawili ya mwanzo, "cherehani yangu", kisha acha. Mapendekezo yanayojitokeza chini yanatokana na yale ambayo watu hutafuta kweli. Pita kwenye maoni ya watu wanaofundisha jambo lako, hasa yale maoni ambayo hayakujibiwa. Angalia ujumbe uliotumiwa wewe mwenyewe: swali lililokujia mara mbili kutoka kwa watu wasiojuana lina wengine wengi nyuma yake ambao hawakupata ujasiri wa kuuliza.

Lichukue swali kwa maneno ya muulizaji. Yeye hasemi "hitilafu katika utengenezaji wa mshono", anasema "inaruka". Ukiandika kwa maneno ya kitabuni, mtu huyo hatakupata kwenye utafutaji, na akikupata hatajua kwamba unamsema yeye.

Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, jaza sentensi hii kwenye karatasi: "Atakayefika mwisho ataweza ______." Kwangu ilikuwa: ataweza kujua kama tatizo ni sindano au ni la fundi. Ukishindwa kujaza hapo, hujapata swali bado, umeshika mada. Karatasi hiyo usiitupe, utaihitaji kwenye kichwa cha habari.

Hatua ya 2: Lifanye jambo lenyewe, ndipo uandike

Desemba 2022 Google iliongeza "uzoefu" kwenye vigezo ambavyo watathmini wake hutumia kupima ubora wa kurasa. Zamani vilikuwa vitatu: utaalamu, mamlaka na kuaminika. Kwa mtu asiye na ofisi wala cheo, hicho cha nne ndicho mtaji wake. Kampuni kubwa ina waandishi na wahariri, lakini huenda hakuna hata mmoja wao aliyeshika jambo hilo wiki hii.

Kwa hiyo mimi huharibu kwanza. Kwa somo la mishono niliichomoa sindano, nikairudisha kinyume, nikashona mstari mmoja. Uzi haukushika hata mara moja. Nikaigeuza sawa lakini nikaiacha chini kidogo, haijafika mwisho wa tundu lake. Hapo ikawa inashona mishono mitatu minne, inaruka, inashona tena. Nikaisukuma hadi juu, nikakaza skrubu, mstari ukanyooka. Vipande vyote vitatu nikavipiga picha karibu, kwa mwanga wa dirishani, vimepangwa kwa mfuatano. Picha zile tatu zilieleza zaidi ya aya zangu zote, na hakuna mtu mwingine mwenye picha kama zile.

Piga picha za makosa pia. Wengi hupiga matokeo mazuri tu, na msomaji ambaye mshono wake umeharibika haoni popote kitu kinachofanana na kilicho mbele yake.

Kuhusu akili mnemba: itumie kupanga mawazo au kusahihisha tahajia ukitaka, mimi sina ugomvi nayo. Ila ukiiachia iandike yote, itakupa orodha ileile iliyowapa wengine, na mara mojamoja itakutungia jambo kwa sauti ya kujiamini kabisa. Kila tarehe, namba na jina lililotoka huko lihakiki mwenyewe, kwa sababu atakayeaibika si programu.

Hatua ya 3: Andika mwili kabla ya kichwa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huniambia haiwezekani. Wamezoea kupata kichwa kitamu kwanza, kisha kutafuta cha kukijaza. Nami nimefanya hivyo sana. Unaandika "Njia saba za kurefusha maisha ya cherehani", ukikaa unazo nne za kweli, basi tatu unazipika: "ipende mashine yako", "iweke mahali pasafi", na ya saba hata mwenyewe huielewi. Msomaji akifika ya tano anajua unamzungusha.

Andika unachokijua, hesabu kimefika wapi, ndipo ukipe jina.

Jibu liweke juu. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alichapisha utafiti wa namna watu wanavyosoma kwenye mtandao: asilimia 79 ya watu waliopimwa walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Hiyo ilikuwa enzi ya kompyuta za mezani, kabla simu haijaanza kutuletea arifa katikati ya kila sentensi. Anayepitisha macho si mvivu. Anatafuta kama kilichomleta kipo. Mwonyeshe kipo, naye ataanza kusoma.

Aya yangu ya kwanza ya somo lile sasa inasema hivi:

"Cherehani ikiruka mishono, anza na sindano. Uzi wa juu hufanya kitanzi kidogo nyuma ya sindano, na kikulabu cha chini hupita kukidaka. Sindano ikiwa imepinda, imegeuzwa au haijafika juu, kikulabu hupita mahali ambapo kitanzi hakipo. Weka sindano mpya, sukuma hadi mwisho, kaza, shona kipande cha majaribio. Ikiendelea kuruka, soma chini."

Aliyekuwa na shida ya sindano amepona katika mistari mitano na anaweza kwenda zake. Wengi wataogopa hapo: mbona nimempa jibu, atasoma nini tena? Kwa nilivyoona, anayepewa jibu mapema huongeza imani, huteremka kutafuta la pili: mbona kwenye fulana bado inaruka? Hapo ndipo unamweleza kwamba kitambaa kinachovutika kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayopenya kati ya nyuzi badala ya kuzitoboa.

Vichwa vidogo vya ndani navyo viseme kitu. "Utangulizi" hakisemi kitu. "Kitambaa cha fulana kinataka sindano yake" kinasema, hata kwa asiyesoma aya iliyo chini yake.

Hatua ya 4: Kichwa

Sasa chukua ile karatasi. Kichwa ni ahadi, na ahadi ni deni: kila neno unaloweka pale juu, mwili utalilipa au utadaiwa.

Kudanganya kwa kichwa hakukuanza na simu. Agosti 1835 gazeti la The Sun la New York lilichapisha mfululizo wa makala sita kuhusu viumbe waliogunduliwa mwezini, wakiwemo watu wenye mabawa ya popo, na likamsingizia mtaalamu wa nyota John Herschel kuwa ndiye aliyewaona kwa darubini yake. Hakuwaona, wala hakuwa na habari. Tamaa ni ileile, kilichobadilika ni kwamba siku hizi anayebofya anaacha alama za miguu, na alama hizo zinasomwa.

Agosti 2014 Facebook ilitangaza kwamba itapunguza kuonekana kwa viungo vyenye vichwa vya chambo, yaani vinavyoficha habari ili mtu abofye. Walitazama mambo mawili: mtu akibofya anakaa huko muda gani kabla ya kurudi, na wangapi kati ya waliobofya wanapenda, wanatoa maoni au wanasambaza. Kwenye dodoso walilofanya kabla ya hapo, watu walichagua kwa asilimia 80 vichwa vinavyowasaidia kuamua kama wafungue au wasifungue. Tafakari hilo: msomaji haombi kushangazwa, anaomba taarifa ya kumwezesha kuchagua.

Hapo kuna anayeniambia, basi niandike vichwa vikavu? Hapana. Kichwa kikavu nacho ni dhuluma, kwa sababu anayekihitaji anakipita. Mwaka 1994 mwanauchumi George Loewenstein alieleza udadisi kama pengo kati ya unachokijua na unachotaka kukijua, na akasema pengo hilo huuma zaidi mtu anapokuwa tayari anajua sehemu fulani. Hapo ndipo chambo na kichwa cha kweli huachana njia. Chambo huficha kila kitu: "Hutaamini kilichotokea". Kilichotokea kwa nani, wapi? Kichwa cha kweli kinatoa nusu na kuonyesha nusu iliyobaki iko wapi.

Linganisha:

"Matengenezo ya cherehani." Kweli tupu, lakini hakimwiti mtu yeyote.

"Mafundi hawataki ujue hili!" Kinaita kila mtu na kuwasingizia mafundi, ambao wangekwambia bure kabisa ukiwauliza.

"Cherehani inaruka mishono? Jaribu sindano kabla hujaipeleka kwa fundi." Hiki kinamtaja mwenye shida, kinampa jibu nusu, na kinamwachia maswali ya kweli: sindano ina nini? Ninajuaje kama si sindano?

Mimi huandika vichwa kumi, kimoja kwa kila mstari, bila kujihukumu. Vitatu vya mwanzo karibu kila mara ni takataka. Ni vile ambavyo kila mtu angeviandika. Kuanzia cha sita hivi ndipo kitu kinaanza kutoka. Kisha navipitisha kwenye maswali haya:

- Aliyesoma kichwa tu bila kufungua, ameondoka na jambo la uongo kichwani? Ikiwa ndiyo, kifute. Wengi hawatafungua kamwe. Kwao kichwa ndiyo habari nzima.
- Kinalingana na sentensi ya kwenye karatasi? Kama kichwa kinaahidi "hutahitaji fundi tena" na karatasi inasema "ataweza kujua kama tatizo ni sindano", umekopa kuliko uwezo wako wa kulipa.
- Naweza kukisoma kwa sauti mbele ya mtu niliyemwandikia, nikimtazama machoni?

Maneno ya kushuku: siri, hutaamini, kila mtu, kamwe, papo hapo, bila juhudi yoyote. Sijasema yamepigwa marufuku. Kama kweli jambo linachukua dakika 5, liandike, lakini liwe limepimwa kwa saa, na mtu asiye fundi.

Kuna ukweli mchungu ambao sitaki kuupita. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu habari takriban 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na waliozisukuma ni watu wa kawaida zaidi kuliko roboti. Kwa hiyo anayekwambia ukweli hushinda kwa mbio anakupa moyo tu. Lakini watafiti hao walieleza pia kwamba habari za uongo zilikuwa ngeni zaidi masikioni. Watu walivutwa na upya, na walipojibu walionyesha mshangao. Upya si mali ya waongo. Ndani ya kila jambo la kweli kuna sehemu inayoshangaza, na kazi yako ni kuichimba hadi uipate na kuiweka mbele. Kwangu ilikuwa hii: mashine nzito ya chuma inaweza kugoma kwa sababu kipande kidogo kuliko vyote kimeshuka kidogo mno kuweza kuonekana kwa jicho. Hilo linashangaza, na ni kweli.

Hatua ya 5: Jalada na sekunde za mwanzo

Jalada lionyeshe kitu kilichomo ndani. Mimi hukata picha ya jalada kutoka kwenye video yenyewe. Nikikosa picha nzuri humo, maana yake video haina kitu cha kuonyesha na inabidi nirudi kazini. Maneno juu ya jalada yasizidi manne au matano, makubwa, yasomeke kwenye simu iliyoshikwa mbali na uso.

Mwanzo wa video usiwe salamu ndefu, nembo inayozunguka, wala "kabla hatujaanza, usisahau kujiunga". Mtu hajaona chochote, ajiunge na nini? Anza na kipande kilichoharibika, sema neno moja, onyesha. Weka maandishi chini ya video kwa ajili ya wasiosikia na wale wanaotazama bila sauti. Kwenye makala, kila picha ipewe maelezo yake ya maneno ili programu za kuwasomea wasioona ziwe na cha kusoma.

Picha ya mtu mwingine usiichukue kwa sababu tu ipo kwenye matokeo ya utafutaji. Kuna picha nyingi zenye leseni za Creative Commons zinazoruhusu kutumiwa: taja aliyeipiga, weka kiungo, taja leseni, na usome kama inaruhusu biashara. Ukiona picha inakuvutia lakini hujui imetoka wapi, itafute kwa picha yenyewe badala ya maneno. Nimeokolewa hivyo zaidi ya mara moja. Picha niliyodhani ni ya tukio jipya ilikuwa imezunguka mtandaoni kwa miaka.

Hatua ya 6: Kama kuna pesa ndani yake, sema mapema

Ukipewa sindano za bure uzisifie, au kiungo unachoweka kinakuletea kamisheni, mwambie msomaji kabla hajafika kwenye sifa. Kuificha chini ya lundo la alama za reli, au kuandika kwa kifupi kisichoeleweka, ni sawa na kutosema. Mimi huandika sentensi ya kawaida: "Sindano hizi nilipewa na anayeziuza; sikulipwa, na hakuona video hii kabla yenu." Sijaona watu wakikimbia kwa sababu hiyo. Wanaokimbia ni wale wanaogundua wenyewe baadaye.

Wafuasi wa kununua na maoni ya kupika achana nayo. Tangu Oktoba 2024, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani inakataza kuuza na kununua maoni ya uongo kuhusu bidhaa, na pia kununua wafuasi au idadi ya kutazamwa ya bandia kwa lengo la kibiashara. Sheria za kila nchi ni zake, ulizia za kwako. Hata pasipo sheria, hasara ni ya haraka: wafuasi wa kununua hawasomi, hawaulizi, na wanakuharibia takwimu usijue tena binadamu halisi wanapenda nini.

Hatua ya 7: Ukishachapisha, usikimbie

Saa za mwanzo kaa karibu ujibu. Uliza swali moja la kweli mwishoni, ambalo jibu lake unalihitaji: "Mashine yako inaruka kwenye kitambaa gani?" Majibu hayo ndiyo yaliyonipa masomo matatu yaliyofuata.

Hilo ni tofauti na "laiki kama unampenda mama yako" au "mtagi rafiki mvivu". Desemba 2017 Facebook ilitangaza kushusha posti za namna hiyo, zinazoomba laiki, maoni au kusambazwa bila sababu yoyote ya maana. Msomaji naye amekwisha kuzichoka.

Hatua ya 8: Soma takwimu kama fundi, si kama mgombea

Namba kubwa ya juu ndiyo inayotajwa kwenye majigambo, na ndiyo inayosema machache. Kwanza, haina maana moja kila mahali. Kwenye Facebook, kwa miaka mingi sekunde 3 zilitosha kuhesabiwa kuwa mtu ametazama video. YouTube, tangu tarehe 31 Machi 2025, inahesabu video fupi kila inapoanza kucheza au kurudiwa, bila kiwango cha chini cha muda. Na mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama iliokuwa ikiwaonyesha watangazaji ulikuwa umevimba, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye hesabu. Kama wenye mtambo walijikanganya, mimi na wewe tusijivunie namba hiyo hadi tukakosa usingizi.

Angalia umbo la mstari wa watazamaji badala ya urefu wa namba. YouTube iliacha kupanga video kwa mibofyo na kuanza kutazama muda wa kukaa tangu 2012, na mstari huo unaweza kuusoma mwenyewe kwenye ukurasa wako:

Mstari ukianguka mwanzoni kabisa, kichwa au jalada limeahidi kitu kingine, au umesalimia mno. Ukiteremka taratibu, hiyo ni hali ya kawaida, usijitese. Ukianguka ghafla katikati, rudi dakika hiyo utazame mwenyewe: mara nyingi utajikuta unarudia jambo ulilokwisha kulisema. Ukipanda, yaani kuna kilima, watu wanarudi nyuma kutazama tena. Kilima kinaweza kuwa cha furaha au cha kutoelewa, na maoni ndiyo yatakayokwambia ni kipi. Kwangu kilikuwa pale ninapoonyesha upande bapa wa sindano. Nilikuwa nimeupitia haraka, mkono wangu ukaziba. Nilitengeneza kipande kifupi cha hilo tu, karibu sana, bila mkono kupita mbele.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hakimo kwenye grafu. Ni maoni yanayoonyesha mtu amefanya: "nimegeuza, imekubali". Matano ya hayo kwangu yanazidi laiki za halaiki.

Hatua ya 9: Ukikosea, sahihisha pale pale ulipokosea

Nilisema kwenye somo lile kwamba upande bapa wa sindano huangalia nyuma. Kwa cherehani nyingi za nyumbani ni kweli. Mama mmoja akaniandikia kwa upole: "Mwanangu, yangu ni ya zamani, uzi unaingilia pembeni. Nimefuata ulivyosema haishoni kabisa." Alikuwa sahihi. Kwenye baadhi ya mashine za zamani sindano huvalishwa uzi kutoka ubavuni, na upande bapa nao huangalia ubavuni.

Usibadilishe kimyakimya. Kwenye makala, rekebisha sentensi, kisha uweke mstari mmoja juu: tarehe, kilichokuwa kimeandikwa, kilicho sahihi. Kwenye video ambayo huwezi kuikata tena, andika masahihisho kwenye maelezo na ubandike maoni yako juu kabisa, yaonekane kabla ya mengine. Mshukuru aliyekusahihisha kwa jina alilotumia hapo. Kama kosa lingeweza kumuumiza mtu au kumtia hasara, mambo ya dawa, umeme, pesa, ondoa kwanza, eleza baadaye.

Nilichofanya kwa ile video ya gia ni hiki. Sikuifuta, kwa sababu somo la ndani ni zima. Nilipiga jalada jipya, sindano moja kwenye kitambaa cheupe, nikabadilisha kichwa kiwe kile cha "jaribu sindano". Kisha nikarudi kwa yule aliyeuliza gia ziko wapi. "Hazikuwepo, ndugu yangu," nilimwandikia. "Jalada nimelibadilisha." Mpaka leo hajajibu. Swali lake nimelibandika juu kabisa na jibu langu chini yake, na kila anayefungua video ile hukutana nalo kwanza.